Santuri ya Jalada la Bluu Si Saa ya Ukutani

Siku mliyoniaga hapo redioni mlinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, mkapiga makofi kabla sijaifungua. Ndani nilikuta saa ya ukutani. Ilikuwa na namba za rangi ya dhahabu, mishale miwili, na nyuma ya mishale mduara mweusi unaometa. Niliugeuza nikasoma maandishi ya katikati. Ilikuwa santuri yangu, ile ya jalada la bluu. Mlikuwa mmeitoboa tumboni mkaitia betri.

"Mzee Thembo, umeipenda?" aliuliza Baluku, mtangazaji wetu wa mchana, akitabasamu mpaka magego. "Tumeitengenezesha kwa fundi wa Mpondwe. Special kwa ajili yako!"

Niliiweka saa chini ya kiti, nikala pilau yenu, nikaondoka nayo. Tangu siku hiyo mji mzima wa Bwera unasema Mzee Thembo hana shukrani. Haya, sina. Lakini ninyi mnaokalia kiti changu sasa mtajua mlichokitoboa, maana hakuna mwingine wa kuwaambia. Vyeo na mishahara sitavitaja. Anayetaka kujua nilipanda ngazi gani aulize wanaopenda ngazi.

Mimi ni mtoto wa Karambi. Baba alilima kahawa na mihogo, na hakuwa na cha kunipa zaidi ya jembe. Nilikwenda Nairobi bila ndugu wa kunipokea. Nikabeba nyaya katika studio ya Mgoa mmoja, Bwana Fernandes, nikalipia mwenyewe masomo ya jioni, nikapata Diploma ya Ufundi wa Sauti. Waliokuwa na wajomba wizarani walishindwa mtihani uleule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna watu hapa waliozoea kusema "huyu mzee wa santuri" kana kwamba niliokotwa sokoni pamoja na santuri zenyewe.

Fernandes ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kwanza alinifundisha kunawa mikono. Pili, kushika santuri kwa ukingo na kwa karatasi ya katikati, kamwe si kwa uso. Tatu, kuiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na tone la sabuni, ukifuata mistari na si kuikata. Alipomaliza hayo ndipo akanifungulia sanduku la koncheto.

Kwa asiyejua, koncheto ni muziki wa mtu mmoja mbele ya watu wengi. Mpiga piano mmoja, au mpiga fidla mmoja, hukaa mbele ya okestra nzima wakajibizana. Mara anaibembeleza, mara anaikemea, mara wote wananyamaza aseme peke yake. Mimi niliielewa hali hiyo siku ya kwanza, maana ndiyo maisha yangu. Sanduku lote lilikuwa la mtunzi mmoja wa Ulaya ya zamani, ambaye Fernandes alimwita Mzee tu, kana kwamba duniani hapakuwa na mzee mwingine.

Koncheto moja ya piano alikuwa nayo mara tatu, kwa wapigaji watatu. Niliuliza kwa nini mtu anunue kitu kimoja mara tatu. Akaniketisha, akanipigia zote. Ya jalada la kahawia ilikuwa ya zamani kuliko zote, inachemka kama mafuta ya mandazi, na mpigaji alikosea mahali pawili, lakini hakudanganya popote. Ya jalada jekundu ilikuwa safi kama wodi iliyopigwa deki, na baridi vilevile. Ya bluu ilikuwa na kitu kimoja ambacho zile mbili hazikuwa nacho. Katika sehemu ya pili, ile ya polepole, fidla zinaingia kwanza kwa sauti ya chini, na piano inasubiri. Inasubiri mpaka unadhani mpigaji amesahau. Kisha inashuka taratibu kama mtu anayeingia kwenye ua wa waliofiwa akitafuta mahali pa kukaa.

Alipofunga studio yake, sanduku zima alinipa mimi. Watoto wake aliwapa viti.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, redio yetu ya Bwera ilipokuwa inaanza. Siku ya kwanza nilikuta studio juu ya duka la mabati, trei za mayai zimegundishwa ukutani, na vijana watatu wakibishana nani aketi kwenye maikrofoni. Nilitua mashine yangu ya santuri mezani. Kule chini wakaangusha bati moja, sindano ikaruka kutoka mwanzo hadi mwisho. Vijana wakacheka. Sikucheka. Niliteremka nikanunua tyubu ya baiskeli, nikaijaza upepo nusu, nikaiweka chini ya mashine. Waangushe duka zima, sindano haitikisiki. Hilo halimo katika kitabu chochote cha diploma. Ni langu.

Umeme ulikuwa shida ya pili. Ukipungua nguvu, santuri inazunguka kivivu na piano inashuka kama mlevi anayetafuta mlango. Niliiunga mashine kwenye betri ya sola. Kompyuta ya studio ikizimika, na ilizimika kila mvua ilipokohoa milimani, mimi niliendelea hewani.

Kila mmoja wenu anajua kwamba roho ya redio ya kwetu si salamu wala mpira. Ni matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Mtu wa Bwera anaweza kuikosa habari ya rais, lakini haikosi saa saba. Nilipofika walikuwa wanatumia kaseti ya kinanda kilichochoka. Nikaitoa, nikaweka sehemu ya polepole ya santuri ya bluu. Fidla ziingie, piano ishuke, kisha mtangazaji ataje jina la marehemu, nyumba yake, na mahali pa mazishi.

Miezi haikuwa mingi, watu wakaijua. Mpondwe, pale mpakani, wachukuzi walioinama chini ya magunia walitua mizigo fidla zilipoanza. Madereva wa malori walizima injini kwenye foleni ya forodha. Hata ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, walikuwa wanaambiana, "Simama kwanza, tusikie ni nani." Waliosoma Ulaya wanavaa suti kwenda kuusikiliza muziki huo. Kwetu waliusikiliza wakiwa peku na kimya kupita wale wa suti, na mimi ndiye niliyeuleta.

Sasa shikeni jambo moja la ufundi, maana kila balaa lilitoka hapo. Katika koncheto hiyo sehemu ya polepole haina mwisho. Mwishoni piano inanong'ona kidogo, kama mtu anayejaribu wimbo kichwani, na ghafla, bila kupumzika, inaruka kuwa ngoma ya furaha, okestra nzima nyuma yake. Yule Mzee wa Ulaya aliziunga sehemu mbili makusudi. Kwa hiyo fundi wa saa saba lazima awe na sikio. Ile minong'ono ikianza, shusha sauti, inua sindano. Ukichelewa pumzi moja, umeipigia familia ya marehemu ngoma. Miaka yangu yote sikuchelewa hata mara moja.

Kisha akaja Meneja, kijana wa shahada ya Kampala, mwepesi wa miguu na wa maneno. Aliisikia ile ngoma nilipokuwa naijaribu sindano niliyoisafisha, akasimama mlangoni.

"Mzee, hii ndiyo nilikuwa natafuta! Hii ni ya tangazo la magodoro."

"Hiyo imeungana na ya msiba," nikamwambia. "Haitoki peke yake. Anayeiweka bila kuijua atautoa msiba hewani."

"Afande Thembo," akasema, maana waliniita hivyo nilipowabana, "wewe unaona msiba kila mahali."

"Na wewe unaona godoro kila mahali."

Alicheka akaenda. Nilidhani yameisha.

Siku ya soko la Mpondwe nilitumwa mjini Kasese kutafuta kipuri cha mtambo wa kurushia matangazo. Nilikuwa ndani ya duka la Hajji mmoja anayeuza vipuri, redio yake imewashwa kwenye stesheni yetu, saa nne asubuhi. Fidla zikaanza.

Hajji akaacha kuhesabu nati. "Inna lillahi," akasema. "Saa hii? Lazima ni mtu mkubwa."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Piano ikashuka. Hakuna jina. Piano ikaendelea, hakuna jina. Ikanong'ona, ikaruka, ngoma ikalipuka, na juu yake sauti ya Baluku ikapiga kelele: "Magodoro! Lala kama mfalme!"

Hajji aliziweka nati mezani. "Mzee," akasema, "ni godoro limekufa?"

Niambieni nilipaswa kucheka. Meneja alikuwa amemwamuru Baluku aitafute ngoma kwenye santuri, Baluku akatupa sindano mahali alipoona panametameta, ikaangukia msibani. Badala ya kuinua sindano, akaona aibu, akaacha iende mpaka ifike ngomani. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu asiyefundishwa. Na mimi nilikuwepo kumfundisha, kila siku, chumba kilekile.

Niliporudi Bwera nilimkuta mwanamke mapokezi, ameshika jerikeni tupu. Ni Kabugho, anayeuza mawese yanayotoka Kongo. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini hapo Bwera. Fidla zilipoanza saa isiyo yake, na jina halikuja, alijua ni mama. Aliacha mafuta yake wazi katikati ya soko akapanda boda mpaka wodini. Mama alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, akamuuliza kwa nini analia. Huku nyuma punda wa watu alikuwa amepindua jerikeni zote.

"Munacheza na wafu ninyi?" alipaza sauti. "Mumemuzika mama yangu muzima! Kwa godoro! Nani aliweka hiyo muziki?"

Meneja akatoka ofisini mikono imekunjuliwa, sauti laini. "Pole sana, mama. Ni ile muziki ya Mzee Thembo. Iko na mkosi. Kuanzia leo tunaiondoa."

Nilimwambia mbele ya wote: "Mkosi hauko kwenye santuri. Uko kwenye mkono wa aliyeitupa sindano, na mdomo wa aliyemtuma."

"Mzee, umeshazeeka na hivi vitu," akasema. "Sasa kila kitu ni kompyuta."

Kabugho hakusimama upande wangu. Aliniambia nichukue miziki yangu niende nayo nilikotoka. Sikumlaumu siku hiyo, na leo pia simlaumu. Mama yake alikuwa hai, mafuta yamemwagika, na mwenye santuri nilikuwa mimi. Lakini waliokuwa wanaujua ukweli walinyamaza, nao ninawalaumu mpaka kesho.

Sanduku la Fernandes likafungiwa stoo. Nilipolidai, Meneja alisema kilichomo stoo ni mali ya kituo. Saa saba wakaweka mlio wa kompyuta, pii-pii-pii, kama mtoto amekalia honi ya gari la kuchezea. Nilibaki nikitengeneza maikrofoni zenu na kuunganisha nyaya mlizokanyaga, mwaka baada ya mwaka mpaka mwisho wa muongo ule, nikijua sanduku liko nyuma ya mlango mmoja. Nilijiambia siku ya kustaafu nitaondoka nalo. Badala yake mkanipa saa.

Kesho yake niliteremka Mpondwe kumtafuta huyo fundi. Ni Mkongomani, mtu mpole, kibanda chake kimejaa saa nyeusi zinazometa. Nilizisoma moja moja. Ya kahawia ilikuwa saa. Nyekundu ilikuwa saa. Koncheto ya fidla alikuwa ameipasha moto akaikunja kuwa bakuli, na bakuli lilikuwa na karanga.

"Hii ulijua ni nini?" nikamuuliza.

"Plastiki, Papa. Patron wa redio alileta carton nzima, akasema nitengeneze zawadi moja, zingine nichukue." Alinisogezea bakuli. "Onja, iko tamu."

Ningemkasirikia vipi? Yeye aliletewa plastiki. Nilinunua bakuli, karanga nikamwachia.

Jioni Baluku alikuja kwangu, amesikia nimekwenda Mpondwe. "Mzee wangu, usikasirike bure. Hiyo muziki iko kwa simu." Akabonyeza, akaniwekea sikioni. Ilikuwa koncheto ileile, mpigaji mwingine. Fidla zikaingia, na piano haikusubiri. Iliingia mbio kama mtu anayekimbilia basi la Kampala.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia piano."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sitawahi kuwaeleza. Neno kwa neno ni wimbo uleule, na mtu mwingine kabisa ndiye anayeusema. Nilimrudishia simu yake.

Wiki haikuisha, Kabugho alishuka kwenye boda mbele ya mlango wangu. Hakukaa.

"Mzee Thembo, mama ameenda. Safari hii ni kweli."

"Pole sana, mwanangu."

"Wametangaza saa saba. Nilikuwa sokoni nasikiliza. Hakuna mutu alisimama, Mzee. Muchukuzi alipita mbele yangu na gunia, anapiga mluzi, jina la mama likiwa hewani. Pii-pii, na mama amepita hivyo." Alijifuta uso kwa kanga. "Tunamuzika kesho Karambi. Nataka ile muziki yako. Ile ilinimwagia mafuta."

"Sasa ndiyo unaitaka?"

"Siku ile nililia bure," akasema. "Kesho niko na sababu."

Niliiinua saa yenu kutoka sakafuni nilikoilaza uso chini. Nilimwonyesha. Alipapasa tundu chini ya mishale akaguna. "Walifanya hivi kwa nini?"

"Kwa kunishukuru," nikasema.

Basi, vijana, andikeni ufundi wa mwisho. Nilichomoa mishale na mashine ya betri. Namba zenu zilikuwa zimegundishwa upande wa kwanza wa santuri, na gundi ilikuwa imeshaingia kwenye mistari. Nilizing'oa kwa wembe, lakini sehemu ya kwanza ya koncheto imekufa, haitasikika tena. Sehemu ya polepole iko upande wa pili, upande ulioelekea ukutani. Huo haukuguswa. Tundu alilolipanua fundi lilikuwa linacheza kwenye mhimili wa mashine yangu, nikauzungushia mhimili utepe wa umeme mpaka santuri ikakaa karibu na katikati. Karibu tu. Katikati kabisa hairudi tena.

Karambi niliweka mashine kwenye meza ya jikoni, tyubu ya baiskeli chini, betri ya sola pembeni, spika mbili zikitazama ua. Katekista alipomaliza sala alinipa ishara. Nikashusha sindano.

Fidla ziliingia. Kwa kuwa tundu limepindika, ziliyumba, juu kidogo na chini kidogo, kila mzunguko, kama sauti ya mtu anayejikaza asilie. Piano ikasubiri. Waombolezaji waliokuwa wanaongea kwenye migomba wakanyamaza. Mwanamume aliyekuwa anapita barabarani na mkungu wa matoke kichwani alisimama, akautua, akavua kofia. Hakumjua marehemu. Aliujua muziki.

Baluku alikuwa amekuja pia, nilimwona nyuma. Alikuwa ameshika simu, nayo ilikuwa imezimwa.

Kisha piano ikaanza kunong'ona. Mkono wangu ukaenda kwenye sindano wenyewe, kama ulivyofanya kila saa saba.

"Acha," Kabugho akasema. Alikuwa amesimama kando ya meza. "Acha iende."

"Ni ngoma, mwanangu. Ni ile ya magodoro."

"Mama alikula chumvi nyingi," akasema. "Watu kama yeye zamani walipigiwa endara, ile marimba ya magogo, na watu wakacheza. Siku ile ya godoro nilimwambia kilichonikimbiza. Alicheka mpaka uji ukamwagika. Acha."

Niliondoa mkono. Ngoma ikalipuka ikiyumba, okestra nzima nyuma yake, juu ya ua wa Karambi, na wanawake wawili wazee wakaanza kupiga makofi kuifuata. Ndiyo mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nilipoiacha ifike mwisho mbele ya watu.

Hasira yangu haijaisha, na sina haja iishe. Kwenye sanduku la Fernandes imebaki santuri moja, yenye upande mmoja na tundu bovu, na ninyi ndio mliofanya hivyo. Lakini kuanzia sasa familia itakayoutaka muziki huu msibani itanikuta, nitakwenda na tyubu yangu. Anayetaka kujifunza kuinua sindano aje, mikono iwe imenawa.

Mishale, namba za dhahabu na mashine ya betri nimeviacha mapokezi ndani ya bakuli la karanga. Hivyo ni vyenu. Mkitaka kujua saa, saa saba mtaijua: tazameni sokoni kama kuna mtu ametua mzigo.